Kiingereza cha Jana

Ndugu msikilizaji wa Nateete, wewe uliyezoea Kiswahili na sasa unajifunza Kiingereza, tega sikio.

Kusema jambo la jana, vitenzi vingi vya kawaida vya Kiingereza huongezwa herufi mbili mwishoni: e na d. Leo sokoni: "I work". Jana: "I worked". Yeye je? "She worked". Sisi? "We worked". Mtendaji anabadilika, mwisho haubadiliki.

Lakini ukitanguliza "did", mwisho huo uondoe: "I did not work".

Narudia. Jambo la jana, ongeza mwisho. Ukiweka "did", uondoe.

Jioni hii chukua vitenzi vitatu: "cook", "wash", "open". Vitamke kwa sauti, vya leo, kisha vya jana. Mwombe mwanao anayesoma akusikilize.