Mcheza Kwao Hutunzwa

(Mazungumzo na vijana na wazazi baada ya swala ya taraweh)



Vijana wenzangu, dada zangu, wazee wetu na walezi. Sifa zote njema ni za Allah (S.W.) aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu. Leo nataka tuzungumze jambo ambalo huenda mtu akasema, "Aa, huyu naye Ramadhani amekuja kutuambia mambo ya michezo!" Ndiyo, ni michezo. Lakini nisikilizeni mpaka mwisho, kisha mtaona kama ni jambo dogo.

Nianze kwa swali. Ukiulizwa sasa hivi utaje wachezaji kumi na mmoja wa timu moja ya Uingereza, utawataja bila kupumua. Si ndiyo? Haya, nitajie sheria tatu za bao. Niambie foromali ni nini katika mashua. Kimya! Na bao liko barazani kwa babu yako, na mashua iko pale forodhani.

Tuanze na Lamu, mji wa kale uliotiwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kila mwaka wakati wa Maulidi, wageni hufurika kisiwani. Na mbali na kasida na dufu, kuna mashindano: mbio za punda, mashua, kuogelea, na bao. Watu wengi hudhani haya ni maonyesho ya watalii. Sivyo. Kila mchezo hapo umezaliwa na kazi.

Mtazame punda. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba, gari haliwezi kupita. Mchanga, mawe, simiti, maji, vyote hivyo vimebebwa kwa punda miaka na miaka. Ndiyo maana tangu mwaka 1987 mji ule umekuwa na kliniki ya kutibu punda. Sasa kijana anayempanda punda siku ya mashindano, bila tandiko, akakata mbio njia ya pwani huku umati ukipiga kelele, hakujifunza siku ile. Amefanya kazi na wanyama mwaka mzima. Anajua yupi mkaidi, yupi anataka kubembelezwa. Aliyemtesa punda wake mwaka mzima, siku hiyo punda humlipa: husimama katikati ya njia, hasogei!

Njoo kwenye mashua. Mashua ina tanga moja kubwa la pembe tatu, limefungwa kwenye mti mrefu unaoitwa foromali, na foromali huning'inia mlingotini. Kwenda na upepo ni rahisi, hata mimi na wewe tutafika. Kazi ni kurudi dhidi ya upepo. Hapo lazima ubishe, yaani uende upande huu, ugeuze, uende upande ule, kama mtu anayepanda mlima kwa kuzunguka. Na kila ukigeuza, tanga lihamishwe, watu wahamie upande wa juu ili chombo kisilale. Mmoja akichelewa, mmeanguka majini nyote. Nahodha hawezi kusema, "Mimi ndimi bingwa." Bingwa ni chombo kizima, pamoja na fundi aliyekiunda kule Matondoni. Mchezo huu ukifa, hatupotezi mbio peke yake, ndugu zangu. Tunapoteza elimu ya kusi na kaskazi, ya maji kujaa na kupwa, na ya kuunda chombo.

Bao je? Wengine huliona ni mchezo wa wazee waliokosa kazi. Hebu kaa uchezeshwe! Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na ishirini na mbili mkononi. Hapo ni kunamua, unaingiza kete moja moja. Zikiisha mkononi ndipo mnaingia mtaji. Kila ukila, kete za mwenzako zinahamia kwako na ubao wote unageuka, kwa hiyo ni lazima uhesabu hatua nyingi mbele kabla hujagusa chochote. Mtafiti wa Kiholanzi, Alex de Voogt, alisomea mabingwa wa bao mpaka akaandika tasnifu yake ya chuo kikuu mwaka 1995. Mzungu amevuka bahari kuja kusoma akili za wazee wetu, na sisi tunapita pale barazani na simu masikioni, hata salamu hatutoi.

Na kuna kirumbizi. Watu husimama duara, ngoma na zumari zinalia, wawili wanaingia kati na bakora. Anayetazama kwa mbali atasema wanapigana. Hapana. Ni mchezo wenye adabu yake: unaingia kwa zamu, unashambulia, unajikinga, unatoka. Hasira ikiingia, mchezo umeharibika. Kijana hapo anafundishwa kushika silaha na kuishika nafsi yake kwa wakati mmoja. Mtaa gani leo hauhitaji somo hilo?

Msidhani haya ni ya pwani peke yake. Kule Kakamega, Waisukha na Waidakho wana mafahali wao wa kupiganisha, na siku hiyo kijiji kizima hutoka. Wamaasai nao wamefanya jambo la kutufunza. Zamani moran alionyesha ushujaa wake kwa kumuua simba. Simba wakapungua, wazee wakakaa wakashauriana. Mwaka 2012 wakaanzishiwa mashindano ya mbio, kuruka juu, kurusha mkuki na rungu, na ushujaa ukapata uwanja mpya. Kumbe mila inaweza kubadilika bila kufa, wenyewe wakiishughulikia.

Sasa, msije mkasema nimekataza mpira. Hata! Mpira nao umekuwa wetu. Kenya na Uganda walianza kushindania Kombe la Gossage mwaka 1926, wazee wetu hawajazaliwa baadhi yao. Na mwaka 1965 bingwa wa ligi ya taifa alikuwa Feisal, timu ya Mombasa. Waliocheza walikuwa vijana wa kutoka mitaani, na waliotazama waliwajua kwa majina na kwa mama zao. Mpira wa namna hiyo ni mchezo wa kwetu kama bao.

Adui ninayemsema ni kiti. Ni kukaa saa nne ukitazama wengine wakitokwa na jasho, kisha unarudi nyumbani umegombana na rafiki yako kwa ajili ya timu isiyokujua. Na kiti kimeleta mwenzake, naye ni kubeti. Huduma ya kutuma pesa kwa simu ilianza hapa Kenya mwaka 2007, ikatusaidia sana. Lakini haikuchukua miaka mingi kamari nayo ikaingia humo humo. Zamani mtu alikwenda kuitafuta kamari kwa kujificha. Leo analala nayo chini ya mto. Karo inaliwa, pesa ya futari inaliwa, na mama hajui. Hiyo siyo michezo, jamani. Mwenye kucheza hupata afya hata akishindwa. Anayebeti, hata akishinda leo, amefungwa kamba ya kesho.

Dini yetu haikuchukia michezo. Tumepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Mama Aisha (R.A.), safari moja akashindwa, na nyingine akashinda. Alishindanisha farasi. Siku ya Idd Wahabeshi walicheza na mikuki msikitini, naye akamwachia Mama Aisha atazame mpaka akatosheka. Lakini kamari imekatazwa wazi. Mpaka uko hapo, na ukiwa na shaka juu ya zawadi ya mashindano, muulize sheikh wako kabla hujatoa shilingi.

Basi tufanye nini? Sitaki tutoke hapa na maneno matupu. Kijana, kabla ya Idd, mtafute mzee mmoja. Mwambie, "Shikamoo babu, naomba unifundishe bao." Utaona uso wake. Ukishindwa mara ishirini, usikimbie, hiyo ndiyo ada ya shule. Dada zangu, bao limezoeleka kuwa la wanaume, lakini kete hazijui aliyezishika ni nani. Jifunzeni nyumbani, na muwafundishe wadogo wenu kati na kuruka kamba badala ya kuwapa simu watulie. Wazazi, mtoto wa pwani asiyejua kuogelea ni hatari. Tafuteni ndugu wa kumfundisha, wa kike kwa wa kike. Na sisi wa jumuiya, siku ya Idd tuweke ubao mmoja wa bao karibu na uwanja wa mpira, mzee acheze na kijana, watu watazame.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Lakini atatunzwa na nani, ikiwa nyumbani hakuna tena anayeujua mchezo? Wazee wanaoujua bado wapo. Kila Ramadhani tunahesabu wale ambao mwaka jana walikuwa nasi safu ya mbele, na mwaka huu hawapo. Wamekwenda na waliyoyajua. Waliobaki, tuwawahi.

Allah atukubalie funga zetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie siha na akili ya kuitumia vizuri. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.