Pikapu Kuukuu, Baridi ya Julai

Kuanzia Juni hadi Agosti, Nairobi huamka na baridi kali, na kule Industrial Area pikapu za dizeli hung'ang'ana kuwaka alfajiri. Kama unataka kununua pikapu iliyotumika, baridi hiyo ndiyo mkaguzi wako bora.

Fika mapema, kabla muuzaji hajaiwasha. Gusa boneti: ikiwa na joto, ahirisha, urudi siku nyingine. Iwashe mwenyewe. Moshi mweupe usiokwisha haraka huweza kuashiria plagi za hita zilizokufa au injini iliyochoka. Wa buluu, inakula oili. Kisha zima, ufungue kifuniko cha oili. Ukiona utando kama maziwa, huenda maji yameingia kwenye oili. Hapo huenda gasketi ya hedi imeharibika, na hiyo ni gharama kubwa. Plagi za hita hubadilishwa kwa urahisi zaidi.

Inama uangalie kutu kwenye chesisi, chini ya bodi ya mizigo. Nenda na fundi wako, si wa muuzaji.

Mwisho, tafuta rekodi za gari za NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, ulinganishe nambari ya chesisi na logibuku. Zisipolingana, usilipe hata shilingi moja.