Anza na Mto, Duka Baadaye: Mwongozo na Vifaa kwa Wavuvi Wapya wa Trauti katika Nyanda za Juu za Kenya



Mada hii inahusu namna ya kuanza kuvua trauti kwa nzi wa bandia katika mito ya Aberdare na Mlima Kenya bila kupoteza fedha wala kukata tamaa mapema. Hoja yangu ni moja: anayeanza achague mto kwanza, kisha mwalimu, na duka lije mwisho. Wengi hupita njia ya kinyume. Hununua ufito wa bei kubwa, hutafuta pa kuutumia, na wakishashindwa ndipo humtafuta wa kuwafunza.

1. Trauti na maji yake

Trauti ni mgeni Kenya. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki hao wakapandikizwa katika mto Gura, Aberdare. Baadaye waliletwa trauti wa upinde wa mvua, na kituo cha Kiganjo karibu na Nyeri kikawa kinazalisha vifaranga. Leo mvuvi anaweza kuwatafuta Gura, Chania, Mathioya, Sagana, Thiba na Ragati, au katika maziwa ya mlimani kama Rutundu na Alice.

Samaki huyu hutaka maji baridi yenye hewa nyingi. Joto la maji likizidi nyuzi 20 za selisiasi hudhoofika, na ndiyo sababu hapa ikweta anaishi milimani tu. Huko juu mito ni myembamba, maji ni maangavu, na kingo zimefunikwa na vichaka na mianzi. Mvua za masika na za vuli huleta tope, na samaki asiyeona nzi hawezi kumdaka. Kwa hiyo Januari na Februari, mito ikiwa imetulia, ni miezi mizuri ya kujifunza. Haya yote mtu ayajue kabla ya kutoa hata shilingi moja, kwa kuwa kila kifaa kinategemea maji hayo.

2. Uzito uko kwenye mshipi

Mvuvi wa pwani hufunga chubwi kwenye mshipi wake, na chubwi ndiyo huvuta mshipi hadi mbali. Nzi wa bandia ni manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana ndogo, hana uzito wa kuvuta chochote. Hapa mshipi wenyewe ni mnene na mzito, nao ndio unaombeba nzi.

Ndiyo maana mishipi hii hupewa namba kulingana na uzito wa mita 9 za mwanzo. Namba 5 ina gramu 9 hivi, namba 4 inakaribia gramu 8. Ufito nao huandikwa namba ya mshipi unaoufaa. Mshipi ukiwa mwepesi mno ufito haupindi, ukiwa mzito mno ufito unalemewa. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini katika uvuvi huu asiyelinganisha namba hizi atahangaika kutwa nzima kwa kosa ambalo si la mkono wake.

3. Kununua kuanzia mdomoni mwa samaki

Ukiingia dukani, hesabu vifaa kuanzia upande wa samaki ukirudi mkononi mwako.

Nzi. Sehemu kubwa ya chakula cha trauti iko chini ya maji: wadudu wachanga wanaoishi kwenye mawe. Nunua nzi wachache wa kuzama, ndoana namba 12 hadi 16, pamoja na wawili watatu wa kuelea. Kumbuka kwamba namba ikipanda, ndoana inapungua ukubwa. Nzi wenyewe hawako mbali: Kenya ina karakana ambazo mafundi wake hufunga nzi kwa mkono na kuwauza Ulaya na Marekani.

Uzi wa kuongozea. Huu ni uzi angavu wa futi 7 hadi 9, mnene upande wa mshipi na mwembamba upande wa nzi. Kwa maji maangavu, ncha yenye unene wa milimita 0.15 inatosha.

Mshipi. Chagua unaoelea. Kama fedha ni chache, punguza kwenye ufito kabla ya kupunguza hapa.

Ufito. Kwa mito yenye vichaka, futi 8 na namba 4 unafaa. Anayelenga maziwa achukue futi 9, namba 5 au 6, maana huko kuna upepo na nafasi ya kurusha mbali.

Rili. Kwa trauti wa mitoni kazi yake kubwa ni kuhifadhi mshipi. Rili ya bei nafuu itakufaa.

Miwani. Iwe ya kukata mng'ao wa maji. Inaonyesha samaki, na inakinga macho ndoana inaporuka.

4. Mwalimu hufunza nini

Kurusha hujifunzwa uwanjani, penye nyasi, na kipande cha sufu kikiwa mahali pa ndoana. Kosa la wengi ni haraka: mshipi ukipelekwa nyuma lazima usubiriwe unyooke ndipo urudishwe mbele. Asiyesubiri hutumia nguvu, na nguvu huangusha mshipi kama rundo. Mwalimu aliyesimama kando huliona kosa hili mara moja, ilhali mrushaji hauoni mshipi ulio nyuma yake. Mahali penye mianzi mgongoni, utahitaji mrusho wa kuviringisha, ambao hauendi nyuma kabisa.

Somo la pili ni kusoma mto. Trauti huelekeza kichwa mkondo unakotoka, akisubiri chakula kimfikie, kwa hiyo mvuvi humwendea kutoka chini. Mwongozaji mzuri atageuza jiwe, akuonyeshe wadudu waliopo, kisha akuache uchague nzi mwenyewe na kumweleza sababu. Anayekushikia ufito siku nzima amekuvulia, hajakufunza.

La tatu ni usalama na sheria. Aberdare kuna nyati na ndovu, hivyo ndani ya hifadhi nenda na askari wa wanyamapori, ukiwa umelipia vibali vinavyotakiwa.

5. Mapendekezo

Kwanza, vikundi vya vijana vinunue fito mbili au tatu za pamoja, ili mtu ajaribu kabla ya kununua yake.

Pili, mafunzo yaanze uwanjani, na safari ya mtoni ifuate mwanafunzi akishaweza kunyoosha mshipi.

Tatu, ndoana zibanwe vijino vya kunasia, na samaki anayerudishwa ashikwe kwa mikono iliyolowa, bila kutolewa majini muda mrefu. Pia asihamishiwe mto mwingine kiholela.

Nne, mafundi wanaofunga nzi waalikwe katika semina zijazo. Wanaijua kazi ya kufunga nzi kwa vidole vyao, na wengi wao hawajapata nafasi ya kurusha nzi waliyemfunga wenyewe. Kikundi chenye fito za pamoja kinaweza kuwapa nafasi hiyo, nao wakakilipa kwa elimu ambayo hakuna duka linaloiuza.