Usalama wa Gesi Huanzia Pale Mtungi Unapojazwa

Hotuba ya Afisa wa Habari wa Kaunti kwa wakazi katika baraza la usalama wa gesi ya kupikia



Wengi wetu tumeacha makaa tukahamia meko ya kilo 6 au mtungi wa kilo 13. Hiyo ni hatua njema. Lakini mtungi ukiisha, wengi huuliza swali moja tu: ni pesa ngapi? Leo naomba tuongeze la pili: mtungi huu umejazwa wapi?

Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka mtaani Mradi, Embakasi, jijini Nairobi. Watu walifariki, zaidi ya 200 wakajeruhiwa, na nyumba zikateketea. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ilieleza kwamba maombi ya kibali cha kujenga kituo hicho yalikuwa yamekataliwa. Wengi walioumia hawakuwa wauzaji wala wanunuzi. Walikuwa majirani tu.

Gesi tunayopikia ni mchanganyiko wa propani na butani. Ndani ya mtungi imeshindiliwa ikawa maji. Lita moja ya maji hayo ikivuja hugeuka kuwa zaidi ya lita 200 za gesi. Tena mtungi haujazwi hadi pomoni. Nafasi ya karibu sehemu moja kwa tano huachwa wazi, ili gesi ikipata joto ipate pa kutanukia. Anayehamisha gesi kutoka mtungi mkubwa hadi mdogo nyuma ya duka, bila mizani, hajui ameacha nafasi kiasi gani. Akizidisha, unabeba hatari. Akipunguza, umeibiwa. Bei yake ya chini haikufaidi kwa vyovyote.

Kanuni za mwaka 2019 zinakataza mtu kujaza mtungi wa kampuni bila idhini ya maandishi ya mwenye chapa. Kwa hivyo unaponunua, fanya haya:

1. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni ya EPRA. Mwombe akuonyeshe. Mwenye nayo hatakasirika.

2. Kagua sili. Iwe nzima, na iwe ya kampuni ile ile iliyoandikwa kwenye mtungi.

3. Omba mtungi upimwe mbele yako. Uzito wa mtungi mtupu umechapishwa kwenye chuma chake. Tuseme ni kilo 7. Ukijumlisha gesi ya kilo 6, mizani isome 13.

4. Kataa mtungi uliobonyea, ulioliwa na kutu au wenye valvu iliyolegea.

Vijana wa bodaboda, mtungi husafirishwa ukiwa umesimama na kufungwa imara. Usiulaze.

Ukifika nyumbani na kufunga regulata, paka maji ya sabuni kwenye maungio na kwenye mpira. Povu likitokea, gesi inavuja. Usitafute mvujo kwa kiberiti hata siku moja. Mpira uliopasuka au kukauka ubadilishwe. Usifungwe kwa mpira wa tyubu. Ukimaliza kupika, funga gesi.

Gesi yenyewe haina harufu. Ile tunayoisikia huongezwa makusudi ili ituonye. Ukiisikia, zima moto wowote na ufunge mtungi kama unaufikia salama. Fungua milango na madirisha, kisha toa watu wote nje. Usiguse swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima, na usitumie simu ukiwa ndani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, hivyo watoto waliolala chini watolewe kwanza. Ukiwa mbali, piga 999 au 112.

Na kama unajua mahali gesi inapojazwa kisiri mtaani, mwarifu chifu, polisi au EPRA. Najua ni vigumu kumripoti jirani ambaye hiyo ndiyo riziki yake. Lakini ukuta unaowatenganisha ni mmoja, na moto haubishi hodi.

 Sasa tuchukue maswali.