Ruzuku Huanzia Kwenye Daftari la Hesabu

Msikilizaji, tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limekwisha kufungwa. Pengo hilo limezifanya asasi nyingi ndogo hapa Kenya zitazame karibu na nyumbani, kwa wakfu za kijamii. Hizi ni taasisi zinazokusanya fedha kutoka kwa watu binafsi na makampuni, zikawekeza sehemu ya fedha hizo ili ziendelee kuzaa, kisha zikavipa ruzuku vikundi vinavyotatua shida za mahali pao. Mfumo huu ulianzia mjini Cleveland, Marekani, mwaka 1914, kwa juhudi za mwanabenki Frederick Goff. Kwetu Kenya, Kenya Community Development Foundation, tuliyoizoea kwa jina la KCDF, ilianza kazi mwaka 1997. Tatizo ni kwamba vikundi vingi huikaribia milango hii kwa kumtafuta kwanza mtu anayejua kuandika andiko la mradi kwa Kiingereza kizuri. Mimi nashikilia kwamba wanaanzia mwisho. Kikundi kinachotaka ruzuku kianze na hesabu zake na mchango wa wanachama wake.

Sababu ni hii: fedha za wakfu ni amana. Kila shilingi inayotoka itatolewa maelezo mbele ya waliochanga. Kwa hiyo anayepitia maombi, hata akivutiwa na maneno, hutaka kujua mambo machache ya wazi: kikundi kimesajiliwa? Kina katiba? Viongozi wake walichaguliwa katika kikao chenye kumbukumbu zilizoandikwa? Akaunti ya benki ina watia saini zaidi ya mmoja? Risiti za mwaka jana ziko wapi? Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, sehemu ya karatasi hizi ni sharti la usajili wenyewe, kwa hiyo kikundi kilichofuata sheria tayari kimepiga hatua. Andiko likija baada ya hapo huwa jepesi, kwa kuwa linaeleza kinachofanyika tayari: shida ni ipi, inawagusa watu gani, kitafanyika nini, kwa gharama gani, na mafanikio yatapimwaje. Bajeti ambayo kila mstari wake umefungamana na kazi fulani humshawishi msomaji kuliko kurasa kumi za sifa.

Jambo la pili ni mchango. KCDF imekuwa ikizihimiza jamii zijichangishe, kisha nayo inaongeza juu ya walichokusanya. Wakenya hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Shule nyingi za sekondari za miaka ya 1960 na 1970 zilijengwa kwa harambee. Tunachokosa mara nyingi ni kuuandika mchango huo. Kiwanja kilichotolewa na mzee wa kijiji, mawe na mchanga, siku za vibarua wa kujitolea, vyote vina thamani, na vyote viingie kwenye bajeti kama sehemu ya kikundi.

Wapo watakaosema ni dhuluma kumtaka maskini achange kwanza ndipo asaidiwe. Hoja hiyo ina uzito, na wakfu inayodai fedha taslimu kwa watu waliokumbwa na ukame au mafuriko inakosea. Lakini mchango wa kiasi cha uwezo humpa mwanachama haki ya kuuliza, na anayeuliza ndiye mlinzi wa mradi mfadhili akiondoka. Wengine watasema kikundi cha akina mama mashambani hakina mhasibu. Kweli, ila vyama vyetu vya kuweka na kukopa huendeshwa miaka nenda miaka rudi kwa daftari la kurasa mia mbili, mweka hazina mwaminifu na hesabu inayosomwa mbele ya wote kila kikao. Uwezo huo upo; unahitaji kuhamishiwa kwenye mradi.

Wakfu nazo zina wajibu. Zipokee maombi ya Kiswahili, zifupishe fomu, zitume maofisa wakakitembelee kikundi badala ya kukihukumu kwa karatasi peke yake, na zikimkatalia mwombaji zimweleze sababu. Bila hayo, ruzuku itaendelea kwenda kwa wenye ofisi mjini.

Basi, msikilizaji, kama wewe ni kiongozi wa kikundi, usingoje tangazo la ruzuku. Kikao kijacho fungueni daftari, someni hesabu mbele ya wanachama, sahihisheni palipopinda, na muandike kila mlichochanga. Mfadhili akija leo au mwakani, awakute mko tayari.