Mtaji au Deni?

Sheria ya Kiislamu, ambayo wafanya biashara wa pwani yetu waliifuata karne nyingi kabla ya kuja kampuni za hisa, huzitenga fedha mbili zinazofanana kama pacha: karadha, ambayo aliyeipokea hana budi kuirudisha, apate faida au apate hasara, na mali ya mudharaba, ambayo mwenyewe hugawana faida na mchuuzi, lakini hasara ikitokea pasipo uzembe, humwangukia mwenye mali. Sarafu ni zile zile. Kinachozitofautisha ni maafikiano ya siku zilipotolewa.

Kusahau tofauti hiyo ndiko kuvunjako kampuni nyingi leo. Ndugu wawili husajili kampuni, wakagawana hisa nusu kwa nusu. Biashara ikipungukiwa, mmoja wao hutia fedha mara kwa mara, na karani huziandika kuwa ni fedha za mkurugenzi, bila ya kuuliza ni za namna gani. Kampuni ikistawi, mtoaji hudai kwamba ulikuwa mtaji, basi aongezewe hisa, na mwenziwe hujibu kwamba ulikuwa mkopo, alipwe yaishe; ikifilisika, kila mmoja hulitwaa neno la mwenzake, mtoaji akataka kuhesabiwa miongoni mwa wadai, na ndugu yake akashikilia kwamba mwenye mtaji hapati kitu mpaka wadai wote walipwe.

Kesi mashuhuri katika mlango huu ni ya Aron Salomon, mtengeneza viatu wa London, ambaye mwaka 1892 aliiuzia biashara yake kampuni aliyoiunda pamoja na mkewe na watoto wao watano, akapokea hisa 20,000 za pauni moja moja, na pamoja nazo hati za deni za pauni 10,000, zenye rehani juu ya mali ya kampuni. Kampuni ilipoanguka mwaka uliofuata, mfilisi alidai kwamba ilikuwa kivuli cha Salomon tu, na mahakama mbili zikamwelekea mfilisi. Lakini mwaka 1896 mahakimu wa Baraza la Malodi walihukumu kwamba kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria, aweza kudaiwa hata na mwanahisa wake mkubwa. Hisa zake zilikwisha thamani. Deni lake likasimama, kwa kuwa liliandikwa kabla ya msiba.

Palipokosekana hati, hakimu hana la kufanya ila kutafuta athari: je, iliwekwa tarehe ya kulipa, ilitozwa riba, bodi ilipitisha azimio, hesabu za mwaka ziliiita fedha hiyo nini? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata iliyo daftarini, isipotajwa jina lake, hupotea kwa ugomvi.

Basi kabla fedha haijatoka mkononi, na liandikwe neno moja kati ya mawili, na wanahisa wote watie sahihi, wajapokuwa wa tumbo moja. Asione mtu haya kumtaka ndugu yake hati, akidhani ni kumshuku: aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Sura ya Bakara, yahusu kuandika deni na kulishuhudishia, nayo wameamrishwa watu wa imani moja.