Kununua Motokaa Iliyokwisha Tumika: Mazungumzo kwa Wenyeji wa Isinya

Wasikilizaji, hakuna mfugaji wa Kajiado anunuaye ng'ombe kabla ya kumtazama meno na macho, na kumwona akitembea. Lakini mtu yule yule akiuza ng'ombe zake ili apate motokaa, mara nyingi huvutwa na rangi inayong'aa, akatoa fedha siku ile ile. Si ajabu motokaa hiyo ikakwama baina ya Isinya na Kitengela kabla ya mwezi kwisha. Inafaa basi motokaa nayo ikaguliwe kama ng'ombe.

Jambo la kwanza ni injini. Mnunuzi na afike asubuhi, aiguse kabla haijawashwa. Ikiwa ina moto, huenda muuzaji ameipasha kusudi, maana injini iliyochoka huficha taabu yake ya kuwaka ikiwa na joto. Ikiwa baridi, na afungue kifuniko cha rejeta. Ikiwa moto asikifungue kamwe, maji yasije yakamwunguza. Maji yenye mafuta juu yake, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, ni dalili kwamba vitu hivyo viwili vinachanganyika ndani, na matengenezo yake ni ya gharama kubwa. Kisha iwashwe, moshi utazamwe. Moshi wa buluu waonyesha kwamba injini inaunguza oili. Mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata joto, kwamba huenda maji yaingia katika silinda.

Jambo la pili ni uvungu. Motokaa nyingi zinazouzwa Kenya zilitumika kwanza Japani, na katika sehemu za huko zenye theluji barabara humwagiwa chumvi. Chumvi hiyo hula chuma, na kutu hujificha chini. Mnunuzi asione haya kulala chini akatazama. Tairi iliyolika upande mmoja yaonyesha kwamba gurudumu halikukaa sawa. Mita ya kilometa yaweza kurudishwa nyuma, lakini pedali zilizolika na usukani uliochakaa hazidanganyi.

Jambo la tatu, motokaa na iendeshwe, juu ya lami na katika njia ya mawe pia. Breki zijaribiwe mahali pasipo watu: motokaa isivute upande, wala pedali isizame. Katika barabara ya Namanga malori hupita kwa kasi, na watoto na mifugo huvuka. Breki mbovu hapo si hasara ya fedha tu, bali ni hatari ya roho za watu.

Haya yote mnunuzi ayatazame pamoja na fundi aliyemchagua mwenyewe, si fundi wa muuzaji. Ujira wa fundi ni kidogo sana mbele ya bei ya injini.

Mwisho, namba za chasisi na za injini zilinganishwe na zile za logibuku, na kumbukumbu za serikali zitafutwe kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, ili ijulikane kama muuzaji ndiye mwenye mali, na kama motokaa haikuwekwa rehani benki. Fedha zitolewe baada ya hayo, si kabla. Muuzaji akataaye motokaa yake isikaguliwe amekwisha kutoa jibu. Mnunuzi na amuage kwa heshima, arudi nyumbani na fedha zake.